Fasihi ya Kale katika Nyimbo Pendwa: Mifano ya China na Afrika Mashariki kwa Mtunzi wa Babati

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna fasihi na historia ya kale zinavyoingia katika mashairi ya nyimbo pendwa. Mifano imechukuliwa katika nyimbo za Kichina, ambako ushairi wa karne ya 11 umerejea katika muziki wa kisasa. Katika taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki. Na katika wimbo wa Kihaya uliozaliwa upya ndani ya Bongo Fleva. Mifano hiyo inatumika kupima hali ya Babati, mkoani Manyara, ambako lugha za familia tatu zinakutana chini ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba matini ya kale haiwi pambo la wimbo. Humwezesha mtunzi kusema machache kwa kuitegemea kumbukumbu ya msikilizaji. Pale kumbukumbu hiyo isipokuwa ya wote, kinachovuka kwa urahisi zaidi ni umbo la kauli, si majina wala matukio.

1.0 Utangulizi

Mji wa Babati uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, mahali ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Kondoa na Dodoma, mwingine Singida. Ulifanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002. Kilugha, eneo hili ni la pekee. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wa lugha hizo sokoni, shuleni na katika muziki. Wimbo wa Bongo Fleva unaopigwa stendi huwafikia wote kwa wakati mmoja, na kila mmoja huuelewa bila mkalimani.

Hata hivyo, kuwa na lugha moja si kuwa na kumbukumbu moja. Msikilizaji aliyelelewa Lamu akisikia jina la Fumo Liyongo huwa tayari ana kisa kizima moyoni. Aliyelelewa Babati yamkini alikutana na jina hilo darasani, katika somo la fasihi, akalikariri kwa ajili ya mtihani. Kinyume chake, Wairaqw wana simulizi za uhamaji kutoka Maangwatay zinazomtaja kiongozi Haymu Tipe; msikilizaji wa Lamu hana habari nazo, na huenda hata jirani Mrangi hazijui kwa undani. Hapo ndipo swali la makala hii linapozaliwa: mtunzi wa Babati anayetaka fasihi ya kale iishi ndani ya wimbo wa Kiswahili aikamate kwa wapi?

Swali hili si la mapambo. Wimbo pendwa ni mojawapo ya tanzu chache za maneno ambazo kijana husikiliza kwa hiari, hurudia mara nyingi na huhifadhi kichwani bila kulazimishwa. Kile kisichopata nafasi ndani yake hupoteza njia muhimu ya kumfikia kizazi kipya. Makala inaanza na China, kwa sababu huko fasihi ya kale na muziki wa kibiashara vimekutana waziwazi, na njia za kukutana kwake zinaweza kutofautishwa.

2.0 China: Matini Nzima na Taswira

2.1 Matini nzima

Mwaka 1076 mshairi Su Shi, mtumishi wa serikali katika enzi ya nasaba ya Song, alitunga shairi usiku wa sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli. Alikuwa mbali na nduguye, Su Zhe, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka kadhaa. Shairi linauhoji mwezi, linakiri kwamba kuachana na kukutana ni desturi ya wanadamu kama ilivyo desturi ya mwezi kujaa na kupungua, na linamalizia kwa kuwaombea wapendanao maisha marefu ili wautazame mwezi uleule japo wako mbalimbali.

Utungo huo ni wa utanzu uitwao ci. Katika utanzu huo maneno yalitungwa kufuata tuni iliyokwishakuwapo, na jina la tuni ndilo lililobaki kuwa jina la utungo. Shairi la Su Shi hujulikana kwa jina la tuni yake, Shuidiao Getou. Kwa karne nyingi tuni nyingi za namna hiyo zilipotea, maneno yakabaki yakisomwa na kukaririwa. Mwaka 1983 mwimbaji Teresa Teng, mzaliwa wa Taiwan, alitoa albamu iliyochukua tungo za kale, hasa za enzi ya Song, na kuzitia muziki mpya. Shairi la Su Shi lilikuwa mojawapo. Mwaka 1995 Faye Wong aliliimba tena, na wasikilizaji ambao hawakuwahi kununua diwani ya kale wakawa wanaliimba.

Ikumbukwe kwamba Teng hakuupeleka ushairi mahali pageni. Aliurudisha ulikotoka. Ci ilizaliwa ikiwa wimbo. Kilichotokea mwaka 1983 ni kuyapatia maneno mwili mwingine baada ya ule wa kwanza kufa. Aidha, njia hii iliwezekana kwa sababu msikilizaji alikuwa na shairi tayari. Tungo za Su Shi hufundishwa shuleni na hukaririwa. Mwimbaji hakuhitaji kueleza mwezi unasimamia nini.

2.2 Taswira

Njia ya pili haichukui matini nzima. Tangu miaka ya 2000 mwimbaji Jay Chou na mtunzi wa maneno Vincent Fang, wote wa Taiwan, walikuza mtindo unaoitwa zhongguofeng, yaani mtindo wenye sura ya Kichina. Wimbo wao wa mwaka 2003, Dongfeng Po, na ule wa mwaka 2007, Qinghua Ci, ndiyo mifano inayotajwa mara nyingi. Maneno ni mapya, yametungwa na mtu aliye hai, lakini msamiati, mpangilio wa sentensi na vitu vinavyotajwa vimechotwa katika ushairi wa kale.

Jina la wimbo wa pili lina maana ya kauri ya rangi nyeupe na buluu. Fang anaeleza brashi inavyochora umbo juu ya chombo, na mwandiko wa kale ulio chini yake, ili kuzungumzia mpenzi anayesubiriwa. Hakuna mahali anapotoa somo la historia ya ufinyanzi. Kauri inabeba maana ya uzuri ulio dhaifu na wa zamani, na msikilizaji anakamilisha yaliyobaki.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, kauri si kitu kigeni. Vyombo vya Kichina vilifika katika miji ya pwani yetu karne nyingi zilizopita, vikapachikwa katika makaburi ya minara na kupangwa katika madaka ya nyumba za matajiri. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapolilia maanguko ya Pate, anayaonyesha madaka yaliyokuwa ya sahani yakiwa sasa makazi ya ndege. Kitu ni kilekile, ila kumbukumbu ni tofauti: kwa Fang kauri ni ya mpenzi asiyefika, kwa mshairi wa Pate ni ushahidi kwamba mali haidumu. Taswira haina maana iliyogandamana na kitu chenyewe. Maana yake hutoka kwa jamii iliyokitumia kitu hicho na kukitungia maneno.

3.0 Pwani: Ushairi Usioachana na Wimbo

Katika pwani ya Waswahili, mpaka kati ya shairi na wimbo haukuwahi kuwa mkali. Utenzi hughanwa, shairi huimbwa, neno malenga humhusu mtunzi na mara nyingi mwimbaji pia. Katika Utendi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wimbo wenyewe ni chombo cha kuokoa maisha. Liyongo akiwa kifungoni anamtuma kijakazi Saada kwa mamaye na ujumbe uliofichwa ndani ya beti: afanyiwe mkate duni wenye tupa ndani yake. Walinzi wanakula chakula kizuri na kumwachia mfungwa mkate wa makapi. Kisha kelele za ngoma na uimbaji wa gungu zinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Kisa hiki kinaeleza kanuni ya fumbo kuliko ufafanuzi mwingi wa nadharia. Maneno yaliwafikia watu wengi, lakini maana ilimfikia mmoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliitumia kanuni hiyo katika siasa za mji wake na katika mambo ya kila siku. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940.

Taarabu ilirithi desturi hiyo moja kwa moja. Siti binti Saad, ambaye tangu mwaka 1928 sauti yake iliingizwa katika santuri huko Bombay, aliimba habari za watu wa Unguja kwa namna ambayo wenyeji waliwatambua wahusika. Mjini Mombasa, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, alimtungia nyimbo jamaa yake, mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo. Mtu aliyesoma diwani na mtu aliyesikiliza kaseti walikutana na mkono uleule wa utunzi, wenye vina na mizani ileile. Hapa fasihi haikuwa inapelekwa kwenye muziki pendwa. Ilikuwa humo tayari.

Desturi ya kutunza katika ukumbi wa taarabu inathibitisha nafasi ya msikilizaji. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka akamtunza mwimbaji fedha mbele ya hadhira. Kwa kitendo hicho anatangaza kwamba maneno yale ni yake, au ni ya yule aliyeketi upande wa pili. Mtunzi ameweka nusu ya maana; hadhira imeleta nusu nyingine. Mahali ambapo hadhira haina nusu yake, wimbo uleule hubaki kuwa maneno matamu tu kuhusu ua na nyuki.

4.0 Kutoka Kihaya hadi Bongo Fleva

Mfano wa tatu unatoka bara. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji kutoka mkoani Kagera, alipata umaarufu mkubwa kwa wimbo Maria Salome, unaoimbwa kwa Kihaya na kubebwa na ngoma za kwao. Ulipendwa Tanzania nzima, hata na watu wasiojua neno moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa kwanza lakini wenye maneno mengi ya Kiswahili.

Mfano huu unaleta pingamizi dhidi ya hoja ya makala. Ikiwa wimbo hutegemea kumbukumbu ya msikilizaji, iweje Maria Salome upendwe na wasiouelewa? Jibu ni kwamba kilichowafikia wasikilizaji hao si visa vya Kihaya. Uhaya una hazina kubwa ya tendi za enanga, ambazo M. M. Mulokozi amezitafiti kwa kina, lakini mpenzi wa Maria Salome aliyekuwa Mtwara hakuzipokea tendi hizo. Alipokea sauti, mwendo wa ngoma, mpokezano wa mwimbaji na waitikiaji, na mrudio wa kauli. Hayo yalivuka mpaka wa lugha bila kutafsiriwa.

Miaka 15 baadaye, wimbo wa Saida ulikuwa wenyewe umekuwa kumbukumbu ya taifa. Diamond hakuhitaji kueleza Salome ni nani. Hivyo basi, ukale unaohitajiwa na wimbo pendwa haupimwi kwa karne. Shairi la Su Shi lilikuwa na miaka zaidi ya 900 lilipoimbwa na Teng, na wimbo wa Saida ulikuwa na miaka 15. Vyote viwili vilifanya kazi kwa sababu hadhira ilikuwa imevibeba.

5.0 Babati: Slufay na Njia ya Umbo

Kwa mujibu wa mifano hiyo, njia za urithi ni tatu: kuchukua matini nzima, kuchukua taswira, na kuchukua umbo la kauli. Njia mbili za kwanza hudai kumbukumbu ya pamoja. Ya tatu hudai masikio tu. Sasa hali ya Babati inaweza kupimwa kwa mfano mmoja wa fasihi ya eneo hili.

Wairaqw wana ushairi wa maombi unaoitwa slufay. Hughanwa na mzee katika mikusanyiko, na waliohudhuria huitikia. Ndani yake huombwa mvua, uzao, afya ya watu na mifugo, na amani; mabaya husukumwa mbali na makazi. Hutajwa Looaa, Mungu anayehusishwa na jua na wema, na Neetlangw, pepo wanaohusishwa na maji. Kimtindo, slufay hujengwa kwa takriri na usambamba: kauli husemwa, kisha hurudiwa kwa kubadili neno moja au mawili, na itikio la hadhira huzifunga pamoja.

Mtunzi akitaka kuchukua matini nzima, atakutana na vikwazo vitatu. Cha kwanza ni cha kifonolojia. Jina lenyewe, slufay, linaanza na kitambaza kikwamizwa ambacho Kiswahili hakina. Msemaji wa Kiswahili huelekea kutenganisha s na l, na neno likawa jingine. Kiiraqw kina pia toni zenye kazi ya kisarufi, hali Kiswahili hutumia mkazo unaotua katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tatizo la toni na tuni linafahamika China pia: katika nyimbo za Kikantoni mtunzi hulazimika kulinganisha kidatu cha neno na kupanda au kushuka kwa tuni, la sivyo neno husikika vingine. Kuitia slufay tuni ya dansi si kazi ya kupachika maneno juu ya mdundo.

Kikwazo cha pili ni cha maana. Neetlangw akitajwa katika wimbo wa Kiswahili, msikilizaji asiye Mwiraqw au Mgorowa hatapata kitu. Mtunzi ataingia katika kishawishi cha kufafanua, na ubeti wenye ufafanuzi hugeuka somo. Fang hakufafanua kauri kwa sababu hakuhitaji. Mtunzi wa Babati angehitaji, na ndiyo maana njia ya Fang haimfai moja kwa moja.

Kikwazo cha tatu ni cha adabu. Slufay ni kauli ya wazee na ni dua. Kijana kuitoa mahali pake na kuiweka katika wimbo wa kuchezea kunaweza kuchukuliwa kuwa utovu wa heshima. Tatizo kama hili halikumkabili Teng, kwa kuwa ci haikuwa ibada.

Umbo lina vikwazo vichache zaidi. Mistari ifuatayo imebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi; haikutoka katika slufay yoyote:

Barabara ya Arusha na inifikishe salama,
Barabara ya Singida na inifikishe salama,
Aliyeondoka alfajiri na arudi na jua,
Aliyeondoka na jua na arudi na mvua.

Wakiitikia watu kwa neno moja kila baada ya jozi, mpango unakamilika. Msamiati ni wa kila siku, na dereva wa bodaboda wa Babati anauelewa kama anavyouelewa abiria wa Tanga. Hakuna jina takatifu lililotolewa mahali pake. Hata hivyo, aliyewahi kuketi na wazee akawasikia wakiomba ataitambua jozi ya kauli, ataitambua njia na safari, na atajua mvua inapotajwa mwishoni haikuwekwa kwa ajili ya kina. Asiyewahi kuketi hapo hatakuwa amepotea. Atapata wimbo wa msafiri.

Njia hii ina gharama yake. Umbo likisafiri peke yake, jina la chanzo hupotea, na baada ya kizazi kimoja watu wanaweza kudhani mpangilio ule ulibuniwa studio. Kwa sababu hiyo, wimbo hauwezi kushika nafasi ya uhifadhi wa matini zenyewe. Kazi hiyo imeanza: W. D. Kamera alichapisha hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili. Matini za Kiiraqw zilizokusanywa na Paul Berger miaka ya 1930 zilihaririwa na Roland Kießling na kutolewa mwaka 1998. Maarten Mous aliandika sarufi ya Kiiraqw iliyotoka mwaka 1993. Na Andrew Harvey amekusanya kumbukumbu za sauti za Kigorowa. China iliweza kuyafufua maneno ya Su Shi kwa kuwa yalikuwa yameandikwa. Tuni isiyoandikwa haikurudi.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba nyimbo pendwa huirithi fasihi ya kale kwa matini nzima, kwa taswira au kwa umbo la kauli, na kwamba uteuzi wa njia hutegemea kile ambacho hadhira imekibeba tayari. Teresa Teng na Vincent Fang walikuwa na hadhira iliyosoma maandiko yaleyale. Watunzi wa taarabu walikuwa na hadhira ya mji mmoja iliyojuana. Mtunzi wa Babati ana hadhira yenye lugha moja na kumbukumbu nyingi, na kwa hiyo umbo ndilo linalompa nafasi pana zaidi.

Matokeo yake kwa ufundishaji ni bayana. Mwanafunzi wa sekondari anayetumwa nyumbani kukusanya fasihi simulizi mara nyingi hurudi na orodha ya methali na maana zake. Akielekezwa pia kusikiliza namna babu anavyopanga kauli, mahali anaponyamaza ili aitikiwe, na neno analolibadili katika mrudio, atarudi na kitu anachoweza kukitumia katika lugha yoyote. Wimbo utakaotungwa kwa msingi huo upimwe kwa wasikilizaji wawili: mzee anayeijua slufay aitambue bila kuudhika, na mgeni aliyeshuka stendi asubuhi auimbe bila kuelezwa.